Mkono Unaochoka Mapema

Msichana anayesukia ukingoni mwa mkeka haketi kama wenzake. Wanawake wa banda la kusukia wameuinamia mkeka wa harusi, naye amekaa wima kama mwimo wa mlango, kwa kuwa mgongo wake uliopinda umefungwa ndani ya fulana ngumu ya plastiki. Hawezi kuinama aone anachosuka, vidole ndivyo vinavyohesabu chane za majani. Bega la kushoto limeshuka, na mkono wake huchoka mapema. Kila baada ya mistari mitatu huulaza pajani, akaikunja na kuikunjua ngumi, kisha akaendelea. Mzee Pouono, ambaye marehemu mkewe alisuka mikeka laini kama kitambaa, hupita kila asubuhi akinung'unika: siku hizi chane ni pana kama ulimi wa ng'ombe.

Juzi alimkuta Bibi Sulufaiga, mkuu wa wasukaji, akidonoa kosa kwa ukucha. "Umeruka chane hapa, binti. Mkono umekushinda. Kesho ukakwangue majani na watoto."

Msichana alipapasa, macho yake yakitazama mbele. "Mkono wangu ukichoka hulegeza, bibi. Hapa pamekazwa. Huyu alikuwa na haraka."

"Nani huyo?"

"Jana tuligeuza mkeka. Kabla ya hapo, upande huu ulikaa wewe."

Mwanamke mmoja alikohoa kuficha kicheko. Sulufaiga alipapasa mwenyewe, akafumua mstari wake, akausuka upya. Alipomaliza, msichana alikuwa bado anaikunja na kuikunjua ngumi. Mzee Pouono aliona safu nzima ya wanawake imetulia, mikono juu ya chane, ikimngoja msichana.