Mama Alivyotoka Motoni

Udongo wa vyungu ukianza kupata moto hutoa harufu ambayo sijaikuta kwingine duniani. Kwanza unanuka kama vumbi lililopigwa na mvua ya kwanza, halafu inafuata harufu ya nyasi kavu na matete, na nyuma ya yote hayo, kwa kuwa kwetu kila kitu kiko karibu na ziwa, unapata harufu ya usipa, dagaa wetu, walioanikwa kwenye vichanja. Nilikulia katika harufu hiyo, kwenye ufukwe ulio karibu na Lyulilo, mahali ambapo milima inateremka mpaka miguu yake inaingia majini. Wanawake wa pale walifinyanga siku zote za juma, wakachoma siku moja kabla ya soko, kisha wakapakia vyungu mitumbwini. Siku ya kuchoma hata sisi watoto tulitembea kwa adabu. Ukipiga kelele karibu na moto unakula kofi, na kofi hilo angeweza kukupa mama yeyote aliyekuwa karibu, hakuna aliyeuliza wewe ni mtoto wa nani.

Nayaeleza haya kwa sababu nimechoka kuyaeleza nusu nusu. Mimi ni kiongozi wa kujitolea wa chama chetu pale mjini Kyela, chama kidogo kinachopigia kelele maji, mitaro na taka za soko, na kwa kazi hiyo silipwi hata nauli. Tukikutana kwenye semina tunaambiwa tujitambulishe: umetoka wapi, nani alikuingiza katika siasa. Mmoja atasema baba yake alikuwa mkulima wa kakao aliyegombana na wanunuzi, mwingine atasema alikuwa mwalimu akachoka kunyamaza. Ikifika zamu yangu nasema mama yangu alikuwa mfinyanzi, na ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa tawi la kwanza la chama huku ziwani. Wanapiga makofi! Nami nakaa chini haraka, maana hawajui wanashangilia nini.

Mama hakuzaliwa ziwani. Alikuwa Mnyakyusa wa Busale, binti wa watu wa mpunga, aliyeolewa na Mkisi, mtu wa ziwani, akaletwa ufukweni na mikono iliyozoea kupandikiza miche matopeni. Mawifi walimcheka. Chungu chake cha kwanza, walisema, kilikuwa kama bata aliyelala. Aliyemwokoa ni jirani yetu Mama Sekela, mwanamke mrefu mwenye sauti nzito, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa moto. Yeye ndiye aliyejua kuni zipangwe vipi, nani aweke vyungu vyake wapi, na upepo ukigeuka nyasi ziongezwe upande gani. Alimshika mama mikono yote miwili, akaiingiza kwenye udongo, akamwambia, “Usiukamue kama nguo. Ubembeleze.” Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji, na Mama Sekela alimuwahi mama. Mimi nilipopata akili, mama alikuwa anafinyanga vyungu vya kuuzwa mpaka Ipinda, na nafasi yake katika lundo la kuchomea ilikuwa upande wa ziwani, bega kwa bega na Mama Sekela. Walikuwa wakisutana, wakitaniana, wakigawana chumvi. Mama akicheka na watu wengine alijifunika mdomo kwa mkono. Akicheka na Mama Sekela alionyesha mpaka magego.

Masika ya mwaka niliokuwa darasa la nne, alikuja mwanaume mmoja kutoka mjini na bendera. Alizungumza chini ya paa la duka, watu wachache wakisikiliza kwa sababu mvua iliwazuia kuondoka. Alisema mengi, lakini mama alishika moja tu: kwamba halmashauri inaweza kulazimishwa kujenga choo cha wanawake sokoni Lyulilo. Huwezi kujua uzito wa neno hilo kama hukuwahi kukaa sokoni kutwa nzima na vyungu vyako, umebana, unasubiri watu wapungue uingie migombani, na huko migombani kuna walevi. Wanawake wote waliteseka na jambo hilo na wote walilisema kwa kunong’ona. Mama akasimama mbele ya wanaume akalisema kwa sauti. Kabla mvua haijakatika alikuwa ameshafanywa mwenyekiti wa tawi, na kesho yake mwanzi ulisimama uani kwetu, bendera inapepea juu yake. Baba, ambaye alikuwa mvuvi na mtu wa maneno machache, aliitazama akasema, “Haya. Umeyaanza.”

Sasa, mwenyekiti wa kijiji, wa chama kikubwa, alikuwa kaka yake Mama Sekela, tumbo moja. Hapo ndipo penye kidonda. Mama Sekela alikitaka choo kile kuliko mtu yeyote, lakini bendera hakuitaka, maana kila ilipopepea watu walimuuliza kaka yake kama ameshindwa kumfunga mdomo rafiki wa dada yake. Ukweni kukaanza maneno, kisimani maneno, kanisani watu wakawa wanabadilisha benchi. Wapiganapo tembo nyasi huumia. Sisi hatukuwahi kuwaona tembo wenyewe, tuliziona nyasi tu.

Siku ya kuchoma ikafika. Kwetu kuna imani kwamba moto haupendi kinyongo, na mwenye ugomvi na mwenziwe haweki chungu motoni mpaka wapatane. Siku hiyo wanawake walipanga vyungu kimya kimya, nyuso zimekunjwa. Mvua ilikuwa imenyesha juma zima na udongo haukuwa umekauka vizuri, kitu ambacho leo naona kingetosha kueleza yaliyotokea. Lakini vyungu vilipoanza kulia pa! pa! ndani ya nyasi, kimoja baada ya kingine, hakuna aliyetazama mawingu. Wote walimtazama mama. Mwanamke mmoja akasema hasara hii ina mwenyewe. Mwingine akaguna. Mama Sekela alisimama na fimbo yake ya kuchochea, machozi ya moshi, au machozi tu, yakimtiririka, akamwambia mama, “Mama Atu, utatuwia radhi. Mara nyingine usilete vyungu vyako. Bendera ikishuka, utarudi.”

Mama aliokota vile vyake vilivyopona, vikiwa bado vya moto, akavifunga kwenye kitenge akaondoka navyo. Nilikimbia nyuma yake. Nilimsikia akisema kwa Kinyakyusa, peke yake, “Ndaga fijo,” yaani asante sana, akirudia rudia njia nzima, na hata mtoto wa darasa la nne alielewa kwamba hamshukuru mtu.

Alijaribu kuchoma peke yake nyuma ya nyumba. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kuchoma kunataka mikono mingi: huyu anatupia nyasi, yule anaziba moshi, mwingine anaangalia upepo. Vyungu vyake vilitoka na mabaka meusi, vingine vikivuja, na sokoni wateja walivigonga kwa vidole, wakasikiliza, wakavirudisha chini. Mwishoni aliviacha vikae vibichi darini, akarudi kwa kaka yake Busale kupandikiza mpunga kama kabla hajaolewa, akitoka alfajiri na kurudi jioni amevimba miguu. Mikutano ya tawi hakuiacha. Watu wanne watano walikaa barazani kwetu, wakaandika maombi ya choo, wakayapeleka, wakarudishwa, wakayapeleka tena.

Uchaguzi ulipokwisha chama chetu kilikuwa hakikupata kitu, na yule bwana wa mjini aliyeleta bendera alikuwa ameshahamia chama kikubwa, anahutubia Ipinda kwamba amerudi nyumbani. Mama alipoambiwa alicheka kidogo, mkono mdomoni. Bendera yenyewe ilikuwa imeraruliwa na upepo wa ziwa. Asubuhi moja aliuteremsha ule mwanzi, akaifua ile bendera, akaikunja na kuiweka sandukuni. Uanachama hakuuacha, lakini mwanzi haukusimama tena. Nilifurahi mno! Nilimwambia Sekela, mtoto wa jirani aliyekuwa rafiki yangu, kwamba sasa mambo yamekwisha, bendera imeshuka.

Siku ya kuchoma iliyofuata mama hakwenda shambani. Alioga mapema. Alichana nywele, akafunga kitenge chake kizuri, akavipangusa vumbi vyungu vyake vibichi na kuvipanga karibu na mlango, kisha akakaa kwenye kigoda akitazama njia. Nikamuuliza anakwenda wapi. “Siendi popote,” alisema. Tuliona moshi ukipanda kule ufukweni, tukasikia sauti nzito ya Mama Sekela ikiamrisha nyasi. Hakuna mtu aliyekuja. Moshi ulipopungua mama alivirudisha vyungu darini kimoja kimoja, akavua kile kitenge, akaenda kuchota maji. Wiki iliyofuata alioga tena mapema. Na iliyofuata. Sijui ni lini aliacha, kwa sababu mimi nilipelekwa shule ya bweni, lakini nilipokuwa nikirudi likizo sikuviona tena vile vyungu, na mama alikuwa mtu wa mpunga.

Nilimchukia Mama Sekela miaka yote hiyo, na sioni haya kulisema. Nilipokutana naye njiani nilimwamkia shikamoo nikiangalia ziwa. Yeye na mama walisalimiana kwa heshima zote, habari za asubuhi, poleni na kazi, basi. Nyumba zao zilitenganishwa na ua wa minyaa. Mmoja akikohoa mwingine anasikia.

Mama alifariki mwaka juzi, presha. Msibani Mama Sekela alikuja kabla ya watu wote, mzee sasa, mgongo umepinda, akakaa na wapishi jikoni akichagua mchele, na hakutaka kuingia ndani mama alikolazwa. Siku ya kumaliza matanga alinivuta kando nyuma ya nyumba.

“Atupele mwanangu,” aliniambia, “nilimkosea nini tena mama yako? Nilisema bendera ikishuka atarudi. Bendera ikashuka. Mbona hakurudi?”

Nilimjibu kwa ukali, Mungu anisamehe. Nilimwambia mama alioga, akavaa, akakaa mlangoni wiki hata wiki akisubiri kuitwa, na wewe hukumwita.

Alinitazama kama mtu aliyepigwa. “Kumwita?” alisema. “Mwanangu, motoni mtu haitwi! Anayeitwa ni mgeni. Mwenyewe anabeba kuni zake anakuja, anaziweka, yamekwisha, hakuna anayemuuliza. Mimi ningemwitaje mama yako, kama mtu wa kupita? Nilimwachia nafasi yake. Upande wa ziwani, kila tulipochoma. Wenzangu walinicheka, maana upepo uliingia pale pengoni ukaniunguzia vyungu vyangu mimi. Sikuiziba. Nilisema, mwacheni ana hasira, atakuja na kuni.”

Nilikaa chini, pale pale kwenye majivu ya jiko la msiba. Kwa sababu mimi ni mtoto wa pande zote mbili, na nilijua ambacho yeye hakujua. Kwao mama, Busale, aliyekutoa kwenye kazi ya pamoja ndiye anayekufuata nyumbani, anakushika mkono, mnakwenda wote shambani watu wakiona. Kurudi mwenyewe ni kujikomba. Wazazi wako watainamisha vichwa. Mama alifundishwa na Mama Sekela kila kitu cha udongo, kuponda, kufinyanga, kupaka, kuchoma, lakini hilo la kurudi na kuni hakufundishwa, kwa sababu miaka yote aliyokaa pale hakuna mwanamke mwingine aliyewahi kutoka motoni. Mwacha mila ni mtumwa, tunaambiwa. Nao hakuna aliyeacha. Kila mmoja alishika mila yake barabara, kwa heshima, akimsubiri mwenzake, mpaka mmoja akazikwa. Nilimweleza Mama Sekela. Alilia kwa sauti ile ile nzito, na wapishi wakaacha miiko yao wakaja kumshika.

Choo kilijengwa, nisisahau. Kipo Lyulilo, cha matofali, na waliokizindua walisema ni matunda ya chama kikubwa. Mambo ya sasa ni mepesi. Lami imetusogeza karibu na mjini, wanawake wanauza vyungu kwa kupiga picha na simu, na sisi viongozi wa chama tunafanyia siasa zetu kwenye kundi la simu. Humo mtu akikasirika anabonyeza, tunaona neno “ametoka”, na mazungumzo yanaendelea kama hakuwahi kuwepo. Wenzangu wanasema mwache, akitulia atarudi, siasa si ya kubembelezana. Wengine wanasema yeye ndiye aanze kuomba radhi. Kila mmoja ana kanuni yake, na kila kanuni ina sababu nzuri. Mimi nikiona neno lile navaa viatu. Nimeshakwenda Ipinda kwenye tope la masika, nimeshasimama mlangoni kwa mtu aliyenitukana mbele ya mkutano, sijui hata kwao desturi ikoje, kama nilipaswa kusubiri au kubeba kitu. Wananicheka kwamba najipendekeza. Ni kweli, najipendekeza. Naingia, nakaa, nasema nimekuja, twende.

Wapo wanaokuja na wapo wanaonifungia mlango. Lakini hakuna hata mmoja wao atakayeoga mapema, achane nywele zake, akae kwenye kigoda akitazama njia ambayo sipiti.