Wingu Likivaa Kofia

Juzi nilikuwa Kitale, nimetoka kununua dawa ya ng'ombe, nikainua macho upande wa Mlima Elgon. Wingu kubwa lilikuwa likipanda kwa kasi, na juu ya kichwa chake limekaa wingu jingine, jembamba na laini, mfano wa kofia. Mikono ikaanza kutafuta gunia.

Kama ulikulia kwetu Naitiri, unanielewa. Baada ya kuvuna, mahindi yalianikwa uani juu ya turubai, na vumbi lake liliingia hadi kwenye chai. Sisi watoto tulifukuza kuku na kuchunga mawingu. Wingu likivaa kofia, nyanya, Kukhu wetu, alisema, "Hiyo imeshajitayarisha safari." Kichwa kikiitoboa kofia, mvua imefika. Aliyeiona kwanza alipiga kelele, "Kofia!" na kila mtu akakimbilia kwanza boma ambalo wenyewe hawapo, kuwaanulia mahindi.

Mwaka mmoja nyanya na jirani yetu mmoja hawakuwa wakisalimiana. Jirani alikuwa amesogeza ua ndani ya shamba letu, naye nyanya akaapa hatakanyaga kwake. Alasiri moja jirani alikwenda Kanduyi kumwona binti yake aliyejifungua, akaacha mahindi yake yote ya mwaka juani. Majirani wengine walikuwa mazishini. Nikaiona kofia. Nilipiga kelele, kisha nikakumbuka boma lisilo na watu ni la nani.

Nyanya alitazama wingu, akatazama ule ua.

"Kukhu, si tuanze na yetu?" nikamuuliza.

"Yetu iko na watu. Hiyo ya huyo iko na nani? Mahindi yake ilikosea nani? Leta gunia, bana!"

Akaupenya ua wenyewe, sketi ikararuka. Tulizoa kwa mabeseni, kwa viganja, hata kwa leso yake. Gunia la mwisho lilipoingia barazani kwa jirani, mvua ya mawe ikashuka. Yetu tuliyakuta yakielea. Mengi yalioza, na mwaka ule tulikula viazi vitamu mpaka nikavichukia, navichukia hadi leo. Jirani hakuurudisha ua. Lakini pale nyanya alipopenya hakupaziba tena, na jioni walipitia hapo kuombana moto na chumvi.

Siku hizi kwetu mahindi yanapelekwa kwenye mashine ya kukausha, na pale palipokuwa na ua pana ukuta wa mawe. Mvua tunaulizia kwenye simu.

Juzi pale Kitale, ng'ambo ya barabara, mahindi yalikuwa yameanikwa mbele ya stoo iliyofungwa. Nilipiga kelele, "Kofia!" Hakuna aliyeinua kichwa. Nikavuka, nikaanza kukunja turubai.

"Ati mama, hii mahindi ni yako?" kijana mmoja akauliza.

"Hapana."

Alinikazia macho kama aliyemfumania mwizi. "Basi wachana nayo. Si mwenyewe atakuja?"

Miaka yote tangu tumzike nyanya, sikuwa nimemlilia kama nilivyomlilia hapo. Juu kichwa kilikuwa kimeshaitoboa kofia. Niliendelea kukunja.