Mume Wangu Hana Mtu

Mume wangu aliposikia kwamba kambi moja ya watalii upande wa Serengeti inatafuta dereva anayejua Kiingereza, alianza kwenda kusoma kwa jirani yetu. Jirani huyo alikuwa mwalimu wa sekondari, mgeni hapa Bariadi, ametokea Bukoba, hana mume. Jioni alikaa barazani na kitenge chake kipya, kucha zimepakwa rangi, na mimi narudi shambani vidole vimechanwa na makapi ya pamba.

Niliangalia tu. Mwanaume aliyekuwa akivaa shati moja mpaka nimvue, sasa anapiga pasi kila siku. Nyumbani anakula kimya, lakini nikiwa jikoni namsikia anacheka kule. Akioga ananong'ona maneno ya Kiingereza, na nikimuuliza maana yake ananijibu kwamba sitaelewa. Hilo liliniuma kuliko kucheka kwake. Mimi nilifika kidato cha pili, nikaolewa.

Jioni moja nikabeba sahani ya matobolwa, viazi vyetu vya kuchemsha na kukausha, ili nipate sababu ya kwenda. Kabla sijapiga hodi nikasikia sauti ya mume wangu nyuma ya pazia, anasema taratibu: "I have nobody." Sina mtu.

"Vizuri sana," mwalimu akasema. "Rudia."

Akarudia. Kisha akaongeza, "Nobody loves me." Hakuna anayenipenda.

"Hapo sasa umenifurahisha."

Nikavuta pazia bila hodi. Walikuwa mezani, vitabu katikati yao.

"Nimemzalia watoto watatu," nikamwambia mwalimu. "Leo hana mtu?"

Mwalimu hakupandisha sauti. Alinivutia kiti, akanieleza kwamba mwanafunzi wake alikuwa anakanusha mara mbili, kama wengi wetu. Sisi tunasema sina mtu, sijaona mtu. Kukataa kumekaa kwenye kitenzi. Basi naye akitafsiri anasema "I don't have nobody." Kiingereza cha darasani kinataka kukataa mara moja tu. Ukishataja "nobody," kitenzi kiache kama kilivyo, ukikataa kwenye kitenzi, mtu awe "anybody." Tena alikuwa anasema "Nobody doesn't love me," na mtu akiipima sentensi hiyo atakuta maana yake ni kwamba wote wanampenda.

Nilielewa. Hasira haikushuka.

"Kwa nini iwe mapenzi?" nikauliza. "Kwa nini asiseme hakuna aliyemwona ng'ombe?"

Mwalimu akafunga kitabu. "Nisamehe, dada," akasema. "Kweli ningechagua ng'ombe."

Kesho yake nilikwenda naye kwa mwalimu. Nilisema nataka kujifunza, lakini nilikwenda kulinda. Mwalimu akatuuliza tutasemaje kwamba hakuna aliyekuja. Mume wangu akaanza, "Nobody didn't," akakwama. Nikasema, "Nobody came." Mwalimu akanisifu, akasema nimepata bila kufundishwa. Mume wangu akaomba twende swali lingine.

Tulivyorudi alitangulia mbele. Mlangoni akaniuliza nani alinifundisha Kiingereza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua jina la mwanaume. Nikamjibu ni kidato cha pili. Hakuridhika, na mimi nilifurahi usiku kucha.

Kazi aliipata. Mwalimu alihamishiwa Maswa. Nilimfungia kuku wa safari, nikampungia mkono, na gari lilipokata kona moyo wangu ukatulia kama maji ya mtungini.

Haukutulia sana. Mume wangu sasa anakaa kambini wiki nyingi. Juzi alipiga simu akaniambia kuna mgeni mmoja mwanamke amekisifu Kiingereza chake. Nikamuuliza ana umri gani. Akasema ni bibi mzee kabisa. Nikamwambia atume picha.

Akatuma. Kweli ni bibi, mvi tupu, ameshika fimbo. Nikaikuza picha kwa vidole, nikatafuta kama amevaa pete.