Matete ya Mangi

Mangi wa nondo na mabati pale Kariakoo amefariki dunia. Wiki iliyopita tuliuaga mwili wake Ilala kabla haujasafirishwa kwenda kwao Kilimanjaro, nami nikarudi nyumbani nimefura kwa hasira, maana aliyemsifia kuliko wote ndiye aliyemfyekea matete yake.

Mnaolijua bonde la Jangwani mmeona mto unavyomega kingo kila masika. Mangi, kwa kuwa kwao mtu haachi ukingo wa mfereji ukiwa uchi, alikusanya majirani wachache, na kila Jumapili baada ya ibada wakawa wanarudisha matete na mafunjo yaliyokuwa yakiota pale kabla mji haujalijaza bonde. Walijitolea tu. Watu walimcheka: "Vipi Mangi, siku hizi unafuga ng'ombe?" Naye, tope hadi magotini, akajibu: "Nafuga ukingo, ndugu yangu." Matete yakashika mizizi, ndege wakarudi, na masika yale mto haukumega kitu.

Ndipo ikaja Jumamosi ya usafi. Sisi watu wa Dar usafi kwetu ni ardhi tupu yenye mistari ya ufagio. Jani lolote lililoota bila ruhusa yetu ni uchafu. Akaja mkubwa mmoja na kundi lake, fulana mpya, mapanga mikononi.

"Fyekeni hayo majani, yanafuga mbu!"

Mangi akaja mbio kutoka dukani. "Mkubwa, haya tumeyapanda!"

"Mzee wangu, wewe unapanda magugu?"

Wakacheka, wakachomeka maua ya bustani, wakapiga picha, wakaondoka zao. Mvua ya kwanza ikabeba maua, ukingo na choo cha jirani. Mangi, tayari kifua kikimsumbua, akaanza upya.

Kwenye kuaga, mkubwa yuleyule aliweka shada la plastiki, akafuta macho, akasema, "Tutamuenzi kwa vitendo." Watu wakapiga makofi. Jumamosi hii nimepita Jangwani, na kweli wamemuenzi: ukingo mzima umefyekwa, ukafagiliwa, unang'aa kama kipara. Kwao Mangi, mkosaji humpelekea aliyemkosea jani la sale kuomba radhi. Sisi tulipeleka plastiki, kisha tukarudia kosa. Nimejifunza jambo moja tu, nanyi lichukueni: ukitaka kumuenzi mtu aliyepanda, panga liache nyumbani.