Ndege Yetu Kwenye Maonyesho

Kwa miaka tisa kazi yangu pale Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, imekuwa kuangalia piste, kile kiwanja cha udongo ambapo ndege ndogo zinatua, na kuongea na mapiloti kwenye fonie, redio ya mawasiliano ya hopitali. Siku hizi fonie imebaki kwa ajili ya nyakati ambazo mtandao umekatika. Mengi yanapita kwa simu. Lakini kazi ni ile ile. Asubuhi natembea piste nzima kwa miguu, kutoka upande wa ziwa hadi upande wa milima. Nafukuza mbuzi. Nakanyaga kwa kisigino nione kama udongo unazama. Halafu napiga simu kusema upepo unatoka wapi, mawingu yamefunika mlima gani, na kama ng'ombe wameondoka.

Kati ya mapiloti wote waliopita hapo, mmoja nilimhesabu kama ndugu. Alikuwa mtu wa upande wa Bukavu, mwenye umri kama wangu, mpole, mwenye kucheka polepole. Aliendesha ndege ya injini moja, ambayo ukitoa viti viwili vya nyuma machela inaingia. Ilikuwa mali ya kampuni ndogo ya mbali, lakini Baraka nzima iliiita "ndege yetu". Ilileta chanjo na damu, ikachukua wanawake walioshindwa kujifungua. Yeye aliniita Mama Piste, mimi nikamwita Komanda. Mvua ikimfungia njia alishinda kwangu, akala bugali na ndakala, dagaa wa kukaanga, akawaonyesha wanangu kwa kijiko jinsi ndege inavyogeuka angani. Alipokuwa hewani na mawingu yakashuka, sauti yangu ndiyo aliyoitegemea. "Mama Piste, sema kweli, unaona kilima?" Nilisema kweli kila mara. Niliamini na yeye anafanya hivyo.

Yaya yangu, kaka yangu mkubwa, mtoto wa kwanza wa mama yetu, alikuwa anachimba dhahabu Lulimba. Kila kiangazi alirudi Baraka akakusanya wanaume wa mtaa wetu, wakafyeka nyasi za piste na kujaza mashimo. Alipenda kazi hiyo kuliko ya kuchimba. Alisema huko Lulimba anafungua mashimo, na hapa anayafunga.

Mwaka wa kabla ya huu, shimo la Lulimba lilimwangukia. Walimtoa akiwa hai, wakamleta juu ya moto, yaani pikipiki, amefungwa kwenye ubao, katika barabara unayoijua kama umewahi kuipita wakati wa mvua. Alifika siku ya Alhamisi mchana. Daktari wetu alimwangalia, akanivuta pembeni ya korido. Mfupa wa nyonga ulikuwa umesagika na damu ilikuwa inavuja ndani. "Hapa sina vifaa vya kumufungua," akasema. "Akifika kwenye hopitali kubwa kesho, anaweza kupona." Barabara ya Uvira ilikuwa imekatwa na mto. Nikampigia Komanda.

"Yaya yako?" akauliza. "Yule wa kufyeka nyasi?"

"Ndiye."

"Tengeneza piste, mama. Kesho asubuhi."

Ijumaa, jua halijapanda, tulimbeba yaya hadi piste, wanaume wanne na mimi na mke wake. Nilikanyaga udongo, ulikuwa mgumu. Mawingu yalikuwa juu. Sijawahi kuona asubuhi nzuri vile kwa ndege. Mke wa yaya alimfunika uso kwa kitenge chake, akashikilia ncha mbili kama paa. Tulingoja. Kila baada ya muda yaya aliuliza, "Unaisikia?" Nami nilikuwa nadhani naisikia, kumbe ni injini ya mtumbwi ziwani.

Karibu na saa nne ujumbe ukaingia kwenye simu yangu: *Mama, ndege iko na panne. Mafundi bamefungua moteur. Nisamehe sana.*

Nilimjibu. Najua maneno niliyomwandikia kwa sababu bado yapo kwenye simu: *Pole Komanda. Mungu asaidie mafundi.*

Yaya aliposikia ni panne, kwamba injini imeharibika, akafunga macho. "Basi munirudishe kwenye kivuli," akasema. "Jua inawaka."

Alikufa Jumamosi mchana, kabla hatujapata njia nyingine. Baada ya majuma mawili ndege ikatua tena, na Komanda akaja moja kwa moja hadi kwenye kilio, na kofia yake mkononi. Alikaa chini pamoja na wanaume. Alilia. Mke wa yaya mwenyewe ndiye aliyemletea maji ya kunawa uso. Nilijisikia nina ndugu aliyebaki.

Mwaka huu alinijia na habari ya maonyesho. Kule kwenye mji mkubwa wa kusini, kwenye nchi ya shaba, kila mwaka wanafanya siku tatu za ndege. Watu wanajaa uwanjani kuangalia ndege za vita na helikopta, na zile kubwa za abiria. Kampuni yake ilipata nafasi ya kuonyesha ndege yetu.

"Bakubwa banaangaliaka zile za makelele tu," akaniambia, amekaa kwenye kiti changu. "Hizi zetu banaziona kama baiskeli. Tunahitaji muntu wa kubaelezea kazi yake. Mi nikisema, banasema piloti anajisifu. We ndiye unajua."

Sikulala vizuri kwa furaha. Nilishona nguo ya kitenge, nikaandika kwenye daftari majina ya watu wote niliowaona wakipanda ndege ile wakiwa wagonjwa na kurudi wakitembea. Katika miaka tisa sikuwahi kupanda ndege hata mara moja. Tulipoinuka Baraka niliona piste yangu kutoka juu, nyembamba kama mkanda wa suruali, nikashangaa kwamba watu wanakubali kutua pale kwa neno langu. Tulishuka Kalemie kuweka mafuta, tukaendelea, na alasiri tukafika.

Maonyesho yalikuwa makubwa kuliko nilivyofikiri. Jukwaa la wageni lilikuwa na zulia na mahema meupe. Mbele yake zilisimama ndege za jeshi, kila moja na askari wake. Sisi tulipelekwa mwisho kabisa, nyuma ya wauza bia na mishikaki, karibu na vyoo, mahali ambapo sementi inaisha na majani yanaanza. Ndege ndogo zilikuwa saba: ya kunyunyiza dawa mashambani, ya shule ya mapiloti, za watu binafsi, na yetu. Komanda alikasirika. Mimi sikukasirika. Nilipangusa vumbi kwenye mlango, nikasimama.

Na watu walikuja. Kule mbele kulikuwa na kamba, hakuna kugusa. Kwetu hapakuwa na kamba. Wamama walipandisha watoto wao, wazee waliingiza vichwa wakanusa harufu ya mafuta. Nilionyesha jinsi machela inavyoingia. Nilisimulia habari ya mama mmoja wa Nundu aliyejifungua angani, na habari ya mifuko ya damu inayosafiri imefungwa kwenye barafu. Watu walisikiliza midomo wazi. Mzee mmoja alinishika mkono akasema hakujua ndege inaweza kufanya kazi ya namna hiyo. Siku ya kwanza ilipita hivyo, na nusu ya siku ya pili. Nilikuwa na furaha, na lazima niiseme, kwa sababu nayo ilikuwa ya kweli.

Siku ya pili, baada ya chakula, nilikwenda kutafuta maji. Kando ya hema moja walikuwa wametandika turubai refu lenye picha za maonyesho ya mwaka uliopita. Nilipita nikiangalia. Katikati nikaiona ndege yetu. Herufi za mkiani zilikuwa zile zile ninazozitaja kwenye fonie kila siku. Mlangoni palikuwa na mstari wa watoto waliovaa vizuri sana, wenye miwani ya jua, na Komanda anamsaidia mmoja kupanda. Chini waliandika kwa Kifaransa: *Ubatizo wa hewa kwa watoto wa wageni wetu*, yaani kupandishwa ndege mara ya kwanza, na siku, na tarehe.

Niliisoma mara mbili. Ilikuwa Ijumaa. Kwenye msalaba wa yaya tuliandika tarehe ya Jumamosi iliyofuata.

Nilirudi bila maji. Komanda alikuwa ameinama anakagua gurudumu.

"Mwaka jana ndege ilikuwa hapa," nikasema.

Akainuka. Sijui aliona nini usoni mwangu, lakini hakuuliza nazungumzia nini.

"Mama..."

"Ile Ijumaa. Yaya iko juu ya machela, mi niko nakanyaga udongo. We uko hapa, unazungusha batoto."

"Ilikuwa amri ya bureau ya kampuni. Mi ni mutumishi tu. Niliomba, mama, naapa niliomba. Banasema tukikosa hii siku, hakuna muntu atatukumbuka tena. Benye kusaidia ndege yetu, fasi yao ya kutuona ni hapa. Bila hapa, hata hizo safari za Baraka hazingekuwako."

"Sikuulizi juu ya bureau. Juu ya nini uliniambia ni panne?"

Akainama tena kwenye gurudumu.

"Ungesema kweli ile Alhamisi, tungetafuta ndege ingine. Tungepita kwenye ziwa. Tulikaa pale hadi saa nne juu ya neno lako."

"Nilikuwa na haya," akasema. "Ile usiku nilikuwa hapa tayari, bado natumaini batanirudisha. Asubuhi nikakosa namna ya kukuambia."

"Na kwenye kilio? Ulikosa namna pia?"

Alitazama mikono yake yenye grisi. Nilisimama pale nikakumbuka ule ujumbe wangu wa kuwaombea mafundi Mungu, na mwili mzima ukaniwasha kwa aibu, kana kwamba mimi ndiye niliyedanganya. Nilimwombea fundi asiyekuwepo, kwa ajili ya injini isiyoharibika.

Kabla sijaondoka, mtangazaji wa maonyesho alitokea na kipaza sauti, anapita kwenye ndege ndogo, na sauti yake inasikika uwanja mzima. Walikuwa wamepanga hivyo tangu asubuhi. Akaniwekea kipaza sauti mdomoni, anatabasamu.

"Mama ametoka mbali, Baraka! Mama, ambia bantu: hii ndege ndogo inabasaidia nini?"

Daftari lilikuwa mkononi. Sikulifungua.

"Ikikuya, muntu anapona," nikasema. "Nimeona kwa macho yangu, siwezi kukatala. Mwaka jana yaya yangu aliingojea juu ya machela, haikukuya. Banatuambia iko na panne. Ilikuwa hapa, inatembeza batoto. Picha iko kwenye hema ile. Ni hayo tu."

Mtangazaji alirudisha kipaza sauti mdomoni mwake. Kisha akasema, "Asante mama, tumupigie makofi!" Na watu wakapiga makofi. Waliokuwa mbali walipiga kwa nguvu. Waliokuwa karibu nami, wachache, walishusha mikono. Nilitamani wangenizomea.

Mtu anayesikia habari hii huniuliza nilirudi vipi. Nilirudi na ndege ile ile. Kwa barabara na reli na mtumbwi ningetumia majuma, na nilikuwa nimeacha watoto nyumbani. Nilikaa nyuma, kati ya makatoni ya serumu, sikuweka zile kofia za kusikilizia masikioni. Kalemie aliniletea soda. Niliiacha juu ya sementi.

Nyumbani nilikwenda kwa mke wa yaya siku ile ile. Nilimkuta anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nilimwambia yote, bila kupunguza. Alitwanga hadi nilipomaliza.

"Na we ulirudi ndani yake," akasema.

"Nilirudi ndani yake."

Hakunisemesha kwa siku nyingi. Nilimwelewa. Mimi ndiye niliyemwingiza mtu yule katika nyumba zetu, nikamwita ndugu, nikasema yeye hasemi uongo. Usaliti wake ulipita mlangoni mwangu kabla ya kumfikia mke wa yaya.

Baada ya mwezi mmoja ilibidi niite ndege tena. Msichana aliyeungua moto alikuwa ameletwa kutoka Makobola na mama yake. Sauti iliyojibu ilikuwa ya Komanda. Nilimpa upepo, mawingu, udongo. Sikusema zaidi. Sijui nani alimwambia mke wa yaya, lakini nilipogeuka kwenye piste nilimwona anakuja kwa miguu kupitia majani, na nguo ya kazi ya shamba, jembe begani.

Ndege ikatua. Komanda akashuka, akatuona wote wawili, akasimama karibu na bawa.

"Mi nataka unisemee we mwenyewe," mke wa yaya akamwambia. "Wifi yangu amenisemea, lakini mi nataka mudomo yako."

Akavua kofia. Alisema. Alisema ndege ilikuwa nzima, alisema alikuwa wapi, alisema aliandika panne kwa mkono wake, kisha akaja kula na kulia kwenye kilio chetu. Sauti yake ilikatika mara mbili, na mara zote mbili mwanamke yule alimngoja aendelee. Muuguzi alikuwa amesimama na machela, na msichana analia taratibu.

Alipomaliza, mke wa yaya aliweka jembe chini.

"Nimesikia," akasema. "Sasa panda. Mugonjwa anangoja."

Tukamwingiza msichana. Mke wa yaya mwenyewe alishika upande mmoja wa machela, mimi upande mwingine. Mlango ukafungwa, ndege ikakimbia kuelekea ziwani, ikainuka. Mke wa yaya alichukua jembe lake akaenda shamba. Mimi nilibaki nimesimama kwenye vumbi. Sikuwa na neno la kumwambia Komanda kama lile "Nimesikia" alilolipata wifi yangu, na hadi leo sijalipata.