Darasa langu limemkataa fundi

Leo nimefundisha kinaya hadi nikaisha.

Form Three, hapa Kibera, kipindi cha mwisho, jua linachoma mabati. Nikawasomea hadithi fupi ambayo hunitoa machozi kila mwaka. Fundi anajenga jumba kwa miaka mingi. Siku ya kulifungua anavaa suti yake ya kanisani, anafika, na bawabu anamfukuza getini.

Nikafunga kitabu, nikingoja iwaguse.

Mmoja akapiga miayo.

"Haya, kinaya kiko wapi hapo?"

Akinyi, yule wa dirishani, akainua mkono. "Mwalimu, babangu hufanya kazi ya mjengo. Nyumba ikiisha, wanatoka. Sasa huyo fundi alirudi kufanya nini?"

Jamani, darasa zima likamuunga mkono! Wakaanza kumlaumu fundi. Eti soja wa getini alifanya tu kazi yake.

Nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa: kinaya ni mambo kwenda kinyume na matarajio.

"Matarajio ya nani?" akauliza Akinyi.

Hakuwa na madharau. Alitaka tu kujua.

Walimu wenzangu, nyinyi mngemjibu nini? Mimi nilifuta ubao polepole, mpaka kengele ikalia.

Akinyi akanibebea vitabu hadi ofisi ya walimu. Mlangoni akaniangalia vile mtu huangalia mgonjwa.

"Usijali, mwalimu. Kwa mtihani nitaandika ni kinaya."