Mtaa Mzima Ulimjibu Ndiyo

Saa tatu asubuhi jua limeshaanza kuchoma. Mama Redio amekaa kwenye kigoda uani kwa watu, kishkwambi mapajani, midomo ameibana. Ameuliza swali na sasa anangoja jibu. Anayemjua ataona jinsi anavyoteseka.

"Maji ya kutumia nyumbani mnayapata wapi?" Ndilo swali lenyewe, kama lilivyoandikwa kwenye dodoso, bila nyongeza. Mwenye nyumba, bibi mmoja mjane, anaendelea kuchambua mchele.

Jina la Mama Redio alilipata saluni, alikosuka nywele zaidi ya miaka ishirini. Kule maneno ni nusu ya kazi. Mteja alikuwa hajakaa vizuri ameshaulizwa habari za nyumbani, na ameshajibiwa. Vidole vilipoanza kuvimba kwa baridi yabisi, binti yake akamtafutia kibarua cha kuhoji watu kwenye utafiti wa maji. Malipo ni ya siku, na mvua ikinyesha hakuna siku. Hata hivyo, anasema, unga na dawa ya vidole havikosekani.

Kwenye semina walimwagiwa misamiati. Sampuli aliielewa upesi. "Ni kama kujaribu rangi kwenye kishungi kidogo cha nywele kabla hujapaka kichwa kizima," anasema. "Ila hapa huchagui kishungi unachokipenda. Kura ndiyo inayochagua." Ridhaa nayo haikumpa taabu: mtu akikataa kuhojiwa, unashukuru na kwenda zako. Usiri ndio uliomtoa jasho, maana saluni habari ya mtu ilikuwa inafika kabla yake mwenyewe.

Kilichomshinda kabisa ni swali elekezi, yaani lile linalomtilia mhojiwa jibu mdomoni. Mama huyu ana huruma, na huruma yake haina breki. Badala ya kusoma swali, alikuwa akisema, "Maji mnapata pata, sivyo mama?" Basi nani atamvunja moyo mgeni mcheshi namna hiyo? Nyumba baada ya nyumba, wakamjibu ndiyo.

Msimamizi wake, kijana wa rika la kitinda mimba wake, akashangaa kuona mtaa mkavu vile umejitosheleza kwa maji. Akaja kumsikiliza akihoji, kisha akamwita pembeni kwa adabu zote.

"Mama, haya majibu ni yako, si yao," akamwambia.

Akamweleza kwamba visima vitapangwa kwa kufuata majibu hayo, na mtaa ule ungerukwa. Majibu yote yangefutwa. Mama Redio angerudia nyumba zile zile, naye msimamizi angesikiliza tena. Akikosea mara ya pili, mtaa unatolewa kwenye utafiti, kwa kuwa hakuna muda wa kurudia tena.

"Nililia kama mtoto," anakiri. "Nilidhani nawafariji, kumbe nawanyima maji."

Jioni ile akamkalisha mumewe, dereva mstaafu, mtu wa maneno ya kuhesabu, wafanye mazoezi ya kuhoji. Alipofika kwenye swali la afya akajizuia. Miaka yote humuuliza, "Mzima wewe, eeh?" naye hujibu mzima. Safari hii alisoma swali lilivyo, akang'ata ulimi. Mzee akatazama sakafu, akatazama dari.

"Sikio la kushoto halisikii," akasema mwishowe. "Lina muda."

Mkewe akataka kujua kwa nini alimficha. Mzee akajibu kwamba hakumficha, ila hakuwahi kuachiwa nafasi. Mama Redio akacheka, machozi yakamtoka hapo hapo. Kesho yake, kabla ya kazi, alimpeleka zahanati mwenyewe.

Sasa yuko kwa bibi huyu, nyumba ya mwisho mtaani. Msimamizi amesimama kando ya ukuta, anasikiliza. Mchele unachambuliwa. Shingo ya Mama Redio imemkakamaa, lakini hasemi neno.

"Siku ile nilikuambia yapo," bibi anasema, bila kuinua macho. "Ulikuwa na uso mzuri, mwanangu, nikaona nisikuudhi. Nachota kule shimoni walikofyatulia matofali. Wajukuu hawaachi kuharisha."

Mama Redio anabonyeza jibu, anasoma swali linalofuata kama lilivyoandikwa, na lingine, hadi mwisho. Anashukuru, anaaga. Msimamizi anamwitikia kwa kichwa: mtaa umebaki kwenye utafiti. Wakishapinda kona, mama wa watu anaegemea ukuta na kulia kwa kwikwi.

Kama visima vitachimbwa, yeye hajui. Hayo yako kwa wakubwa. Lake amelipanga. Utafiti ukiisha atarudi kwa bibi yule bila kishkwambi, wakae uani mpaka jua lizame.

"Nilitoka pale sijampa hata pole moja," anasema, akijifuta uso kwa kiganja. "Ninazo zote hapa kifuani. Nitampelekea."